Mhariri, huyo Van Buren msimruke hivihivi

Ndugu Mhariri, salamu nyingi kwako na kwa vijana wako hapo chumba cha habari.

Mimi ni fundi cherehani, niko Tanga miaka mingi, na gazeti lenu nalipata jioni jirani yangu wa duka akishalimaliza. Nisikufiche, likishasomwa nalikata, maana karatasi ya gazeti ndo nzuri kuliko zote kwa kupimia mikono na kola kabla hujagusa kitambaa cha mtu. Sasa juzi nimeshashika mkasi kabisa naona mmeandika habari ya marais wa Marekani waliokaa muhula mmoja, nikasema ngoja nisome kwanza. Wengine mmewapa aya nzima nzima, lakini Martin Van Buren kapata mstari mmoja tu, eti rais wa nane, hakufanya la maana, uchumi ukamuangusha. Basi.

Mhariri, huyo mtu sisi wa pwani ilitakiwa mtuwekee ukurasa mzima. Sio kwamba alikuwa mtu mwema, hapo tutafika, ila huyu ndo rais ambaye meli ya Seyyid Said, Sultani wa Oman na Unguja, ilimfuata mpaka New York na zawadi, farasi humohumo, na alichozifanyia zile zawadi ndo kitu kinachonirudia kichwani kila nikikaa kwenye mashine.

Alizaliwa 5 Desemba 1782 kijiji kinaitwa Kinderhook, jimbo la New York. Baba yake Abraham alikuwa mkulima na ana kilabu chake cha pombe chenye vyumba vya wageni, barabara ya kwenda Albany, wanasiasa na mawakili wakisafiri wanalala hapo, wanakunywa wanabishana, na mtoto yumo humo anasikia yote. Nyumbani kwao walikuwa wanaongea Kiholanzi. Kiingereza alikikuta shule, na mpaka leo hakuna rais mwingine wa Marekani ambaye lugha ya kwanza haikuwa Kiingereza, kwahiyo sisi tuliochapwa viboko kwa ajili ya Kiingereza tuna ndugu yetu pale. Chuo hakwenda. Akiwa na miaka 14 akaingia ofisi ya wakili, kazi yake kufagia na kunakili makaratasi, 1803 akatoka wakili kamili. 1807 akamuoa Hannah Hoes, ndugu yake wa mbali waliyekua pamoja, huyo mama akafa na kifua kikuu 1819 akamwachia watoto wanne wa kiume na jamaa hakuoa tena. Alaf uzeeni akaandika kumbukumbu za maisha yake, makurasa na makurasa, mkewe hamtaji hata mahali pamoja. Nimeshindwa kumwelewa hapo.

Ila nikwambie kilichonifanya nianze kumfuatilia, ni nguo. Kuna kijana mmoja alimuona kanisani Rochester mwaka 1828 na akaja kuandika baadaye alivyovaa, na mimi kama fundi nilivyosoma yale maelezo nikayaona kama oda ya mteja mwenye hela. Koti la rangi ya ugoro na kola ya mahameli ya rangi hiyohiyo, tai ya hariri rangi ya chungwa yenye lesi kidogo kwenye ncha, kizibao rangi ya lulu, soksi za hariri zinazofanana na kizibao, suruali nyeupe, viatu vya ngozi ya Morocco, glovu za njano na kofia pana ya manyoya. Mtu mfupi, futi tano na inchi sita hivi, nywele zinaelekea wekundu. Kumvalisha mtu mfupi akaonekana mkubwa sio kazi ya kila fundi, yule aliyemshonea alikuwa fundi, bana. Mbaya ni kwamba hizohizo nguo ndo zilikuja kumponza, nakuja huko.

Sasa mnasema hakufanya la maana. Mhariri, hicho kitu tunachokiita chama cha siasa, chenye matawi, chenye mikutano ya kuteua wagombea, chenye magazeti yake, na ukishinda watu wako wanapata kazi na ukienda kinyume na kikao unakiona cha moto, aliyekishona kwa Marekani ni huyu kuliko mtu mwingine yeyote. Alianza na New York, akaingia seneti ya jimbo 1812, akajenga kundi lake Albany ambalo lilikuwa linaamua nani awe nani jimbo zima, wapinzani wakamwita Mchawi Mdogo. 1821 akaenda Seneti ya taifa Washington na akaona mashamba makubwa ya Kusini na watu wa kawaida wa Kaskazini wanaweza kushonwa nguo moja, akazunguka Kusini 1827 kuongea na wakubwa wa kule, na nguo ikavaliwa na Andrew Jackson 1828, hicho ndo chama cha Democratic hichi kilichopo mpaka leo. Ila bei ya huo mshono ilikuwa wazi, wa Kaskazini wasiguse habari ya utumwa. Alikubali bei.

Jackson akamfanya Waziri wa Mambo ya Nje, ugavana wa New York akauacha baada ya miezi miwili na kitu. Hapo kuna umbea mzuri sana ambao gazeti lenu mngeupenda. Waziri wa Vita, Eaton, alikuwa ameoa mwanamke anaitwa Peggy, binti wa mwenye kilabu cha pombe, watu wanasema aliolewa haraka baada ya mume wa kwanza kufa, basi wake za mawaziri wakamsusia, hawamtembelei, hawakai naye meza moja, na aliyewaongoza ni mke wa Calhoun, makamu wa rais. Jackson alikasirika mpaka serikali ikasimama kwa hilo. Van Buren mjane, hana mke wa kumkataza, na yeye mwenyewe mtoto wa kilabu, akawa anamtembelea Peggy anamwamkia vizuri anamwalika. Jackson hakusahau. Calhoun akaja kulipiza Januari 1832, Van Buren ameshatumwa balozi Uingereza yuko London, Seneti ikapiga kura ya kumthibitisha kura zikafungana na Calhoun kama mwenyekiti akapiga ya kumkataa. Akadhani kamzika. Mwaka huohuo Van Buren akachaguliwa makamu wa rais kwenye kiti chake Calhoun, na 4 Machi 1837 akaapishwa rais.

Siku 67 tu. Tarehe 10 Mei 1837 benki za New York zikagoma kubadilisha noti kwa dhahabu na fedha, na baada ya hapo nchi nzima. Hilo la uchumi mliloandika ni kweli ila sio yeye aliyelileta. Jackson alishaiua benki kuu yao, hela ya serikali ikamwagwa kwenye benki za majimbo, nazo zikachapa noti kama njugu, watu wakanunua mashamba kwa mkopo, alaf Julai 1836 Jackson akasema ardhi ya serikali inalipwa kwa dhahabu na fedha tu, Waingereza nao wakabana mikopo, bei ya pamba ikaanguka, kila kitu kikaja kwa pamoja na mwenye kiti kwa wakati huo ni Martin. Jina wakamgeuzia wakamwita Van Ruin, yaani Van Uharibifu. Dawa yake ilikuwa serikali itoe hela yake kwenye benki za watu iiweke kwenye hazina yake yenyewe, akapigania hilo miaka mitatu mpaka sheria ikapita 4 Julai 1840, mwananchi aliyefukuzwa kazi hazina inamsaidia nini, hakuna. Ila ile amri ya 31 Machi 1840 lazima nimpe haki yake, alisema kwenye kazi za serikali vibarua wafanye saa kumi kwa siku na mshahara usipungue. Mimi kipindi cha sikukuu nafika saa kumi na tano kwenye mashine, sina wa kunitolea amri.

Hiyo pamba niliyoitaja ndo inatufikisha kwetu. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Seyyid Said ulisainiwa Muscat 21 Septemba 1833, Jackson rais na Van Buren makamu wake, na 1837 konsuli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mtu wa Salem, akaanza kazi Unguja. Walileta nini? Kitambaa. Kile kigumu cha rangi ya maziwa ambacho hakijapaushwa, ambacho wazee wetu walikiita merikani kwa sababu ya kilikotoka na jina likaganda. Mteja mzee akiniambia mifuko ya suruali nimtilie merikani simuulizi maana yake, namjua anataka mfuko usiotoboka. Bibi yangu alikuwa na jora lake ndani ya sanduku, hakuna anayeligusa, ukilikunjua linatoa ile harufu ya wanga na linakwaruza mkono. Sasa fikiria safari yake enzi zile, pamba inalimwa na watumwa Kusini mwa Marekani, inafumwa Massachusetts, inapakiwa Salem, inashushwa Unguja inabadilishwa na pembe za ndovu na sandarusi, na pembe zimebebwa begani kutoka bara na watu ambao wengine nao watumwa. Uzi mmoja huo, watumwa huku na huku.

Basi Seyyid Said akaona na yeye atume meli. Sultana, imejengwa Bombay, ikapita Unguja ikapakia, na 30 Aprili 1840 ikaingia New York na karafuu, pembe, ngozi, tende, kahawa, sandarusi. Mkuu wake ni Ahmad bin Na'aman, karani na mjumbe wa Sultani, na nahodha wa kuongoza chombo alikuwa Muingereza mmoja ambaye chupa ilikuwa rafiki yake zaidi kuliko dira. Watu wa New York wakajaa gatini kuwaangalia Waarabu na mabaharia, wakubwa wa jiji wakamkaribisha Ahmad, wakampandisha treni, mchoraji Edward Mooney akamchora. Ndani ya meli kuna zawadi za rais, farasi wawili wa Kiarabu, lulu, zulia, shali, marashi ya waridi, upanga.

Sasa angalieni na tarehe. Katikati ya huohuo Aprili mbunge mmoja wa upinzani, Charles Ogle, alisimama bungeni akaongea siku kadhaa kuhusu jinsi Van Buren anavyoishi kifalme Ikulu, vijiko vya dhahabu, mazulia, marashi ya ndevu, vioo, wakati wananchi wana njaa. Vitu vingi humo vilinunuliwa kabla yake lakini nani anaangalia risiti, zile glovu za njano zilishatoa ushahidi. Ni mwaka wa uchaguzi. Na wiki mbili baadaye, inaingia meli kutoka kwa mfalme wa Kiarabu na farasi na lulu na marashi! Wallahi nikifika hapo nacheka peke yangu.

Alichofanya, akaandika kwamba anashukuru lakini katiba yao inamkataza mtu wa serikali kupokea zawadi ya mfalme wa nje bila ruhusa ya Bunge. Kuzirudisha nako ingekuwa kumtukana Sultani. Akalipelekea Bunge, na Julai 1840 Bunge likaruhusu zipokelewe kama mali ya nchi, farasi wakauzwa hela ikaingia hazina. Humohumo wakamaliza na suala la simba wa mfalme wa Morocco, maana naye alileta zake. Meli ya Sultana ilikuwa imechoka, ikapelekwa gati la jeshi la majini Brooklyn ikatengenezwa kwa gharama ya serikali ya Marekani, ikaondoka Agosti na zawadi za kumjibu Seyyid na merikani majora kwa majora. Safi kabisa. Farasi hakupanda hata mmoja.

Ningeishia hapo ningekuwa nampamba, na mimi sio mpambe wake. Maana mtu huyohuyo aliyekuwa mwangalifu hivyo na farasi wawili, kwa watu hakuwa hivyo.

Wakati Ahmad bin Na'aman anapigiwa makofi New York, jimbo la jirani Connecticut kulikuwa na Waafrika wamefungwa. Wamende wa Sierra Leone, waliibiwa kwao wakauzwa Cuba, Julai 1839 kwenye jahazi la Amistad wakageuza kibao chini ya Sengbe Pieh wakalitwaa, lakini wenye kujua njia wakawazungusha mpaka wakakamatwa pwani ya Long Island. Hispania ikataka warudishwe. Van Buren anahitaji kura za Kusini, na serikali yake ikapeleka meli ya jeshi, Grampus, ikasubiri New Haven Januari 1840 ili jaji akisema wa Cuba basi wapakiwe usiku huohuo kabla mawakili wao hawajakata rufaa. Yaani kwa farasi tufuate katiba mstari kwa mstari, kwa binadamu tuiwahi mahakama. Jaji akawashangaza akasema hawa watu huru, serikali ndo ikakata rufaa yenyewe. Kesi ikaenda Mahakama ya Juu ya Marekani, rais mstaafu John Quincy Adams, mzee wa miaka 73, akasimama kuwatetea, na 9 Machi 1841 wakaachiwa. Van Buren alikuwa ameondoka Ikulu siku tano tu. Wale 35 waliobaki hai wakarudi kwao.

Na kabla ya hapo Wacherokee, wenyeji wa asili wa kulekule Marekani. Ule mkataba wa kuwahamisha ulisainiwa 1835 na kikundi kidogo ambacho taifa lao halikukituma, Seneti ikaupitisha kwa kura moja ya ziada, chifu wao John Ross akapeleka pingamizi lenye majina zaidi ya 15,000. Van Buren aliyakuta kwa Jackson, sawa, ila aliyetuma Jenerali Winfield Scott na wanajeshi kama 7,000 Mei 1838 ni yeye, watu wakatolewa majumbani chakula kiko mezani wakawekwa makambini, wakatembezwa kwenda magharibi ya mto Mississippi, na kati ya watu kama 16,000 wanakadiria 4,000 walikufa. Desemba akaliambia Bunge kwa furaha ya dhati kwamba kazi imekamilika. Kuna siku, kabla hawajatolewa, alifikiria kuwaongezea miaka miwili ya kukaa kwao, gavana wa Georgia akang'aka, akanywea.

Kuna na huyu Tom. Van Buren alikuwa na mtumwa wake mmoja kwa jina hilo, akatoroka kama 1814, miaka kumi hivi baadaye mtu akamwandikia kwamba kamuona Massachusetts na anataka kumnunua, na Martin akajibu sawa, dola 50, ila umkamate bila fujo. Hata hapo amepima, ubaya ufanyike ila usipige kelele.

Uchaguzi wa 1840 wapinzani wakamchukua William Henry Harrison, mtoto wa nyumba kubwa ya Virginia, wakamvalisha umaskini, eti anaishi kibanda cha magogo anakunywa pombe ya tufaha, wakatembeza vibanda barabarani kwenye maandamano na pombe ya bure. Mtoto halisi wa kilabu cha pombe akaitwa bwanyenye na bwanyenye akawa mtoto wa kibanda. Harrison akashinda, kura za majimbo 234 kwa 60.

Kilichofuata nakipitisha haraka. 1844 alitaka kurudi, akasema Texas isiunganishwe kwanza maana italeta vita na mambo ya utumwa, Kusini wakamtosa chama kikampa James Polk. Na hapo ndo anakuja kunichanganya, kwasababu 1848 mzee wa miaka 65 anasimama kugombea na chama kipya cha Free Soil, chama kinachosema utumwa usiingie ardhi mpya, huyuhuyu wa Grampus. Akapata kama asilimia 10 ya kura, jimbo hakupata hata moja. Wengine wanasema aliamka, wengine wanasema alikuwa anawalipizia waliomtosa, mimi nikimuangalia na yale mambo ya Tom naona vyote viwili vinamtosha. Alifia shambani kwake Lindenwald, palepale Kinderhook, 24 Julai 1862, vita vya wao kwa wao vimepamba moto na ule mshono wake wa Kaskazini na Kusini umeshachanika wote.

Kwahiyo Mhariri ombi langu ni dogo. Mkiandika tena kuhusu hawa marais mpeni huyu nafasi yake, na mambo ya Sultana muyaweke, vijana wa huku wanadhani Marekani ilitujua juzi. Na mtafute ile picha aliyochora Mooney, ya Ahmad bin Na'aman na kilemba chake, muitoe kubwa, ikiwezekana ya rangi, nataka kuangalia joho lile limekatwaje mabegani.

Wako,
Fundi cherehani, Tanga